Kasi Ipimwe Sakafuni Kabla ya Kuandikwa Ubaoni

Nimepata ujumbe kutoka kwa msomaji mmoja, mwalimu kijana ambaye hajakaa muda mrefu kazini. Ameandika hivi: "Mwalimu, nimepangiwa kufundisha mada ya kasi. Maabara hatuna, darasa limejaa, na stopwochi hakuna hata moja. Mwenzangu mmoja ananiambia niandike kanuni ubaoni, nifanye mifano, nitoe zoezi, tusonge mbele. Wewe ungefanyaje?"

Ujumbe huu umenigusa mahali ambapo bado panauma. Nitakujibu, mdogo wangu, ila nivumilie kidogo, maana jibu langu haliwezi kueleweka bila kujua limetoka wapi.

Mimi nilifundishwa kasi kama anavyoshauri huyo mwenzako. Kasi ni umbali ukigawanywa kwa muda. Tukaandika, tukapigia mstari, tukakariri. Gari limesafiri kilomita 120 kwa saa 2, tafuta kasi yake. Jibu: kilomita 60 kwa saa. Vema. Hakuna aliyetuuliza kama gari hilo lilikwenda hivyo njia nzima au kuna mahali lilisimama. Hakuna aliyetuuliza gari la mwendo huo linampita mtu aliyesimama pembeni kwa muda gani. Nilimaliza shule nikiwa na alama nzuri za fizikia huku sijawahi kupima kasi ya kitu chochote, hata ya miguu yangu mwenyewe. Nilichukulia kwamba fizikia ni hesabu zilizovishwa maneno, na kwamba magari yale yalikuwepo ili tupate cha kugawanya. Hadi leo naona kuna kitu nilinyimwa, na wenzangu wengi walinyimwa pamoja nami bila kujua.

Kwa hiyo niliposimama mbele ya darasa langu mwenyewe, nilikuwa nimeshaamua. Mada ya kasi sitaianza na kanuni. Nitaianza na kitu kinachokwenda.

Nilitafuta mbao moja ndefu ya mita 2, iliyonyooka, yenye mfereji mwembamba katikati. Nikaiegemeza upande mmoja juu ya madaftari mpaka ikanyanyuka kama sentimita 5 hivi. Ukiitazama kwa mbali unaweza kudhani imelala tu. Nikachukua gololi ya kioo, nikaiweka juu, nikaiachia bila kuisukuma. Wanafunzi walikuwa wamepiga magoti pande zote mbili, wengine wamelala kifudifudi ili macho yawe usawa na mbao. Gololi ilianza kana kwamba haitaki kuondoka, halafu ikachangamka, na ilipofika chini ilikuwa inakimbia hadi ikapotelea chini ya madawati. Nikawauliza: ina kasi gani?

Kimya. Halafu mmoja akajibu: "Mwalimu, ya wapi? Ya juu au ya chini?"

Naomba msomaji ulisome tena swali hilo. Mtoto ambaye hajawahi kusikia habari ya kasi ya wastani wala mchapuko, yaani kiwango cha kasi kubadilika, ameuliza swali ambalo mimi sikuwahi kuliuliza katika miaka yangu yote ya shule. Hakulitoa kwenye kitabu, amelitoa kwenye gololi. Nilijisikia fahari ambayo siwezi kuificha, na hata sasa naandika huku natabasamu.

Tukaanza kupima. Umbali haukuleta ubishi: futi ya fundi ikanyooshwa, alama za chaki zikawekwa kila nusu mita. Ubishi ulikuja kwenye muda. Niligawa saa kwa wanafunzi kadhaa, wote wapime gololi ile ile, safari ile ile. Nikainua mkono, nikaushusha, gololi ikaachiwa. Ilipogonga kizuizi cha chini kila mmoja akabonyeza na kusoma chake. Wa kwanza 4.8. Wa pili 5.1. Wa tatu 4.9. Wa nne akasema kwa sauti ya chini kabisa, 5.3, na nilimwona akitaka kuibadilisha ifanane na ya jirani yake.

Nikamzuia. Nikaandika namba zote nne ubaoni, kubwa kubwa, ikiwemo ya 5.3.

Darasa zima likataka niseme nani amepatia. Sikusema. Waliponibana sana niliwarudishia swali: gololi ilikuwa moja na imeteremka mara moja, mbona muda umekuwa minne? Wakaanza kushambuliana, wewe ulichelewa, wewe uliwahi, saa yako mbovu. Wakabadilishana saa, tukarudia, namba zikatofautiana tena. Ndipo msichana mmoja aliyekuwa nyuma akauliza, "Kwani kidole kinachelewa kiasi gani?"

Kama ukiweza kulifikisha darasa lako kwenye swali hilo, mwalimu mwenzangu, sehemu ngumu ya kazi yako imekwisha. Hapo ndipo kipimo kinapogeuka kuwa sayansi. Mwanafunzi ameacha kutafuta jibu la mwalimu, sasa anakichunguza kifaa, na kifaa chenyewe ni mwili wake.

Nikatoa rula ya sentimita 30. Mmoja anaishika kwa juu, wima, ikining'inia. Mwenzake anaweka kidole gumba na cha shahada chini, usawa wa sifuri, bila kuigusa. Rula inaachiwa ghafla, yeye anaidaka. Akiidakia kwenye sentimita 20, ina maana imeanguka kwa muda wa kama sekunde 0.2 kabla vidole vyake havijafunga. Akiidakia kwenye 11, ni kama sekunde 0.15. Wengi wetu tunaangukia kati ya hizo, au juu yake kidogo. Hakuna anayeidakia kwenye sifuri, hata awe mwepesi namna gani, maana jicho lazima lione, ubongo upokee, msuli utii, na yote hayo yanachukua muda. Darasa lilipiga kelele za furaha. Walikuwa wamekipima kidole. Sasa walijua kwamba 4.8 na 5.1 hazikuwa na mwongo ndani yake.

Na wakati wa kelele hizo ndipo alipoingia mtu mmoja mwenye mamlaka juu yangu. Sitamtaja, wala sitataja cheo chake. Aliwatazama watoto wakiwa sakafuni, magoti yana vumbi la chaki, rula zinaangushwa kila kona. Akasema mbele yao wote: "Kipindi cha michezo kina saa yake. Hapa watoto wanatakiwa wasome." Akaniuliza nimefika ukurasa wa ngapi. Akaangalia ubao, akaona 4.8, 5.1, 4.9, 5.3, akatikisa kichwa na kuuliza, "Hata jibu sahihi hujawapa?"

Niliumia, na nasema wazi kwamba niliumia. Sikuumizwa na kukosolewa, maana kukosolewa ni sehemu ya kazi. Niliumia kwa sababu nilimwona yule wa 5.3 akifunika daftari lake kwa kiganja. Dakika chache zilizopita namba yake ilikuwa ubaoni kwa heshima sawa na za wenzake, sasa imekuwa aibu tena. Neno la mkubwa lina uzito huo kwa mtoto. Tangu siku ile nimekuwa mkali sana kwa yeyote anayedhani kwamba darasa lenye kelele halisomi na darasa lililo kimya linasoma. Kimya kinaweza kuwa cha watu waliozama kwenye kazi, na kinaweza kuwa cha watu walioshaacha kufikiri. Nenda kasome madaftari yao ndipo utajua ni kipi.

Kipindi kilichofuata nilirudi na mbao ile ile. Sikuomba ruhusa ya mtu.

Safari hii tulifanya jambo ambalo nakushauri usiliache hata kama muda umekubana. Mwisho wa mbao tuliweka kipande cha karatasi ngumu ili gololi ishuke sakafuni taratibu bila kuruka, kisha tukachora mita 2 nyingine kwenye sakafu laini, kuanzia pale mteremko unapoishia. Yaani mita 2 za kuteremka, halafu mita 2 za tambarare. Kabla ya kuachia niliwataka wakisie: sehemu ipi itachukua muda mrefu zaidi? Wengi walisema zitalingana, kwa kuwa umbali unalingana. Wachache wakasema tambarare itachelewa kwa kuwa hakuna kinachoivuta gololi.

Mteremko ulichukua karibu sekunde 5. Tambarare ikachukua kama nusu yake, sekunde 2 na nusu na kidogo juu.

Tukarudia, majibu yakawa yale yale. Wakapiga hesabu: kwenye mteremko, mita 2 kwa sekunde 5 ni mita 0.4 kwa sekunde. Kwenye tambarare, mita 2 kwa sekunde 2.5 ni mita 0.8 kwa sekunde. Ni mara mbili kamili. Hapo yule aliyeuliza "ya juu au ya chini?" akapata jibu lake kwa mikono yake mwenyewe. Gololi ilianza na sifuri, ikaongeza kasi kwa kiwango kile kile hadi 0.8, na 0.4 ni kasi ya wastani, iliyoko katikati ya sifuri na 0.8. Gololi ilikuwa na kasi ya 0.4 kwa kitambo kifupi tu njiani, ikapitiliza. Sakafu ndiyo iliyotufichulia kasi iliyofika nayo chini, maana kwenye tambarare laini hakuna cha kuiongeza na msuguano unaipunguza kidogo tu.

Ungehitaji maneno mangapi ubaoni ili mtoto aelewe tofauti ya kasi ya wastani, ile ya safari nzima, na kasi ya papo hapo, ile ya kitambo kimoja tu njiani? Mimi niliyasikia maneno hayo yote nikiwa mwanafunzi, na hayakuniachia kitu.

Baada ya hapo unaweza kuwapa mifano mikubwa na wataielewa. Mimi huwapa mbio za Usain Bolt, mkimbiaji wa Jamaika, za Berlin mwaka 2009, mita 100 kwa sekunde 9.58. Gawanya, unapata mita 10.44 kwa sekunde, sawa na kama kilomita 37.6 kwa saa. Kisha nawapa muda wake wa kila mita 20: sekunde 2.89, 1.75, 1.67, 1.61 na 1.66. Wakikokotoa kila kipande wanaona mita 20 za kwanza alikuwa na wastani wa karibu mita 6.9 kwa sekunde tu, na kati ya mita 60 na 80 alifikia 12.4, ambayo ni karibu kilomita 45 kwa saa. Katika 20 za mwisho akapungua kidogo. Watoto waliokwisha kuona gololi hawaoni ajabu kwamba hata binadamu mwenye mbio kuliko wote huanza taratibu. Wanauliza lingine: kwa nini mwishoni alipungua? Somo limeshakwenda mbali kuliko mtaala.

Sasa nirudi kwa mwalimu wetu asiye na stopwochi.

Mdogo wangu, Galileo naye hakuwa nayo. Yule mwanasayansi Mwitaliano wa zamani alipima mipira ya shaba ikibingirika kwenye mfereji uliochongwa katika mbao ya dhiraa kama 12, akautandika ndani kwa ngozi laini ili usikwaruze, na akachapisha maelezo yake mwaka 1638. Muda aliupima kwa maji. Alikuwa na chombo kikubwa kilichojaa, chenye bomba jembamba chini. Mpira ukiachiwa, maji yanafunguliwa yaingie kwenye kikombe, ukifika yanafungwa, kisha anayapima uzito kwa mizani. Maji mengi maana yake muda mrefu. Kwa kifaa hicho alionyesha kwamba ukizidisha muda mara mbili, umbali kutoka mwanzo unazidi mara nne. Anasema alirudia majaribio hayo mara mia nzima. Mtu aliyebadilisha fizikia ya dunia alirudia kipimo kile kile mara mia, halafu sisi tunaambiwa kurudia mara tatu ni kupoteza kipindi!

Na wewe unaweza kutengeneza saa rahisi kuliko ya Galileo. Chukua uzi na jiwe dogo zito. Funga jiwe, ning'iniza uzi ili kutoka pale ulipofungiwa hadi katikati ya jiwe pawe na mita 1 pungufu ya nusu sentimita. Livute pembeni kidogo, liachie. Kwenda na kurudi kunachukua sekunde 2, kwa hiyo kila linapofika upande mmoja au mwingine ni sekunde 1 imepita. Ukitaka pigo la haraka zaidi, fupisha uzi hadi karibu sentimita 25: sasa kwenda na kurudi ni sekunde 1. Uzito wa jiwe haubadilishi kitu, urefu wa uzi ndio unaoamua. Usilivute mbali mno, lipe bembea ndogo tu. Kwa uzi na mawe, kila kundi darasani lina saa yake, na hakuna anayekaa kusubiri zamu. Darasa lako limejaa, nalo hilo lisikutishe: mmoja anaachia gololi, mmoja anahesabu mipigo kwa sauti, wengine wanne au watano wamekaa pembeni mwa mbao na vipande vya chaki, kila mmoja na pigo lake. Pigo la kwanza likitamkwa, wa kwanza anaweka alama gololi ilipo. La pili, wa pili. Wote wana kazi.

Kama mbao yako ni ya mita 2 na gololi inaimaliza kwa mapigo matano, watapata alama zinazokaribia sentimita 8 kutoka mwanzo, kisha 32, 72, 128 na 200. Usiwaambie chochote. Waambie tu wapime mapengo kati ya alama na alama. Watakuta kama 8, 24, 40, 56, 72. Mwache mmoja ajaribu kugawanya zote kwa 8. Atapata 1, 3, 5, 7, 9, na utasikia mlio darasani ambao sijui kuuelezea. Mkono wa mtu hautagonga hesabu hizi sawasawa. Wengine watapata 7, wengine 10 kwenye pengo la kwanza. Ni sawa kabisa, ilimradi wapime mara kadhaa na kuchukua wastani. Zipo shule zenye mashine ndogo inayogonga nukta 50 kila sekunde kwenye utepe wa karatasi unaovutwa na kigari. Ni kifaa kizuri, ukikipata kitumie. Lakini nukta zile zinakueleza kitu kile kile kinachoelezwa na alama za chaki: pengo likiwa pana, kasi ni kubwa.

Kitu kingine ambacho walimu wengi hawakitilii maanani ni mteremko kuwa mkali mno. Wanadhani gololi ikienda kasi ndipo jaribio linapendeza. Fikiria kidole chetu kinachokosea kwa sekunde 0.2. Safari ikiwa ya sekunde 1, kosa hilo ni sehemu ya tano ya kipimo chote, na hakuna hitimisho linaloweza kusimama hapo. Safari ikiwa ya sekunde 5, kosa lile lile ni asilimia 4. Kwa hiyo laza mbao, refusha umbali, punguza haraka. Umbali wenyewe mtoto hakosei zaidi ya milimita chache katika mita 2, hiyo ni kama hakuna. Adui yuko kwenye muda, na muda unashindwa kwa kuurefusha.

Vivyo hivyo ukiwatoa nje wapime mwendo wao wa kutembea. Mita 10 hazitoshi, chukua 50 ukiweza. Mtu mzima anayetembea kawaida hupata kama mita 1.4 kwa sekunde, yaani kilomita 5 kwa saa. Hapo pia ndipo pa kuwafundisha kubadili vizio: kilomita ni mita 1000, saa ni sekunde 3600, kwa hiyo mita kwa sekunde ukizizidisha kwa 3.6 unapata kilomita kwa saa. Hesabu hii ikifanywa kwa namba ya miguu yake mwenyewe, mtoto haisahau. Na ishara ya kuanza itolewe kwa kushusha mkono, isiwe kupiga makofi wala filimbi. Sauti husafiri hewani kama mita 340 kwa sekunde, hivyo mpima muda aliyesimama mita 100 kutoka kwako atasikia filimbi ikiwa imechelewa kwa karibu sekunde 0.3, na kuchelewa kwa kidole kunaongezeka juu yake. Mkono anauona papo hapo. Katika riadha jambo hili linajulikana sana: muda wa mita 100 uliopimwa kwa saa ya mkononi huongezewa sekunde 0.24 ili ulinganishwe na wa mitambo, kwa kuwa mpima muda huchelewa kuanza saa lakini mwishoni anamwona mkimbiaji akija na hubonyeza bila kuchelewa. Waambie wanafunzi wako hilo. Watajua kwamba kidole cha darasani kwao ni ndugu wa kidole cha uwanjani.

Nimesema sana, lakini kuna jambo ambalo siwezi kulinyamazia. Tafadhali, walimu wenzangu, tuache kupokea majibu ya vikokotoo bila kuuliza. Mtoto amepima mita 2 kwa sekunde 4.8, anaandika kasi ni 0.416666667. Tunampa vema! Tarakimu zote hizo zimetoka wapi, na saa yake ilikosea kwa sehemu mbili za kumi? Hajui hata kama tarakimu ya pili ni ya kweli. Aandike 0.42, na aweze kukueleza kwa nini ameishia hapo. Mtoto anayeweza kusema "naamini hadi hapa, kuanzia hapa siamini" amejifunza jambo litakalomfaa akisoma ripoti ya daktari, akipima kiwanja, akisikiliza mtu yeyote anayemtupia takwimu. Nasema hivi kwa uchungu kwa sababu tunawalea watoto kuogopa namba yao isipofanana na ya kitabu, halafu wakikua tunashangaa kwamba wanapika matokeo. Nani aliwafundisha? Ni sisi, siku ile tuliyomwambia wa 5.3 kwamba amekosea.

Kwa hiyo, mdogo wangu, mwenzako akikuambia andika kanuni tusonge, msikilize kwa heshima, halafu katafute mbao. Kanuni utaiandika, wala sikukatazi. Iandike mwishoni mwa kipindi cha pili, wakati watoto wameshaitumia bila kujua jina lake, na utaona hawahitaji kuikariri. Mitihani haitakudhuru. Wanafunzi wangu waliopima kwa mikono hawakuwahi kushindwa na swali la grafu ya umbali na muda, kwa sababu mstari unaopinda kwenda juu kwao ni gololi inayochangamka, na mstari ulionyooka ni ile sakafu.

Na unapoanza, weka sharti moja la daftari. Vipimo vyote viandikwe kwa kalamu ya wino pale pale vinaposomwa, kabla ya kumsikia jirani amepata ngapi. Hakuna kufuta. Kipimo kikionekana cha ajabu, apige mstari mmoja juu yake kiendelee kusomeka, aandike pembeni sababu anayodhani, kama gololi iligusa ukingo au alibonyeza mapema, kisha arudie. Ukisahihisha, anza kusoma hizo sababu za pembeni kabla ya kuangalia jibu la mwisho, na uzipe alama.